Msimpe Mtoto Rangi Iliyokwisha Kusagwa

Somo la rangi za udongo mara nyingi huendeshwa hivi: mwalimu anaamka mapema, anaponda udongo, anauchekecha, anauchanganya na gundi, kisha anaupanga mezani kwenye vibakuli, mwekundu, wa manjano, wa kahawia na mweupe. Watoto wanaingia, wanapewa brashi na karatasi, wanachora nyumba na mti na jua, wananawa mikono, wanakwenda zao. Picha zinapendeza na wazazi wanafurahi. Somo lenyewe, hata hivyo, limebaki kwenye kinu cha mwalimu.

Nawaheshimu walimu wanaojitolea hivyo, maana ni kazi ya jasho na hakuna anayeihesabu. Ila naamini wanachowapa watoto ni sehemu ndogo kabisa ya jambo hili, tena ile ambayo mtoto angeipata kwenye kopo lolote la rangi la dukani. Kama kazi yote ya mtoto ni kuchovya brashi, udongo haujamfundisha chochote cha ziada. Utajiri uko katikati, baina ya bonge la udongo lililookotwa na rangi inayoshika kwenye karatasi. Hapo ndipo mtoto anapopaswa kuachwa achafuke, akosee, asubiri.

Tuanze na kuokota. Rangi ya udongo ina sababu zake. Wekundu hutokana na hematiti, ambayo ni oksidi ya chuma, yaani chuma kilichoungana na oksijeni. Umanjano hutokana na gothaiti, chuma hichohicho kikiwa kimefungamana na maji. Kahawia iliyokolea mara nyingi ina manganizi, weupe huwa ni kaolini au chokaa, na weusi wa tabaka la juu hutokana na mimea iliyooza. Mahali ambapo maji yametuama muda mrefu na hewa haipenyi, chuma huyeyuka kikachukuliwa na maji, na udongo ukabaki wa kijivu.

Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanganyika ya wakati huo, alieleza kwamba udongo hubadilika kwa mpangilio kutoka kileleni hadi bondeni, na kwamba mpangilio huo hujirudia kilima baada ya kilima. Aliuita katena, na wataalamu wa udongo duniani kote wanautumia hadi leo. Katika nchi nyingi za joto unaonekana kwa macho tu: wekundu juu ambako maji hupita upesi, manjano katikati ya mteremko, kijivu au weusi chini yanakokusanyika.

Sasa mpeleke mtoto kwenye mteremko wa namna hiyo akiwa na mifuko midogo na kalamu. Achote juu, achote katikati, achote chini, na kila mfuko auandike alikochota. Atarudi na rangi tatu, na rangi hizo ni ramani ya safari ya maji chini ya ardhi. Ukimuuliza kwa nini huku ni kwekundu na kule ni kwa kijivu, ana mahali pa kuanzia kujibu, kwa sababu miguu yake imepita hapo. Aliyekuta vibakuli mezani atajibu kwamba mwalimu ndiye aliyeileta.

Mchoraji wa Italia Cennino Cennini, katika kitabu cha ufundi wa uchoraji alichokiandika karibu na mwaka 1400, anasimulia siku baba yake, Andrea, alipomwongoza hadi kwenye bonde dogo katika eneo la Colle di Val d'Elsa. Alipokwangua ukingo wa bonde kwa sepetu aliona mishipa ya rangi za kila aina imepita kwenye ardhi, na anaifananisha na makunyanzi ya uso wa binadamu. Kitabu hicho kimejaa maelekezo makavu ya karakana, saga hivi, changanya vile, lakini pale mwandishi anapomtaja baba yake maneno yanapata uhai mwingine. Baba huyo hakumletea mwanawe unga uliosagwa. Alimpeleka rangi ilipo, naye akaikwangua kwa mkono wake.

Baada ya kuokota huja kuponda, na hapa sina haja ya kumshawishi mtu. Mpe mtoto jiwe na bonge gumu la udongo, hutamwona akichoka. Neno langu ni moja tu: udongo ulowanishwe kwanza. Nitaeleza sababu mbele.

Hatua inayofuata ndiyo walimu huiruka mapema kuliko zote, na kwangu mimi ndiyo kiini cha somo: kuchuja kwa maji. Udongo uliopondwa unatiwa kwenye mtungi wa maji na kukorogwa. Mtoto anahesabu taratibu hadi thelathini, halafu anayamimina maji ya tope kwenye chombo cha pili, akiuacha mchanga chini. Chombo cha pili kinaachwa kitulie usiku kucha. Asubuhi maji yamekuwa maangavu juu, na chini kuna mashapo laini ajabu. Hayo ndiyo rangi.

Kinachotokea ndani ya mtungi ni fizikia ambayo mtoto ataikuta darasani miaka mingi baadaye. Chembe ya mchanga yenye upana wa milimita 0.1 huzama sentimita 10 kwa sekunde 11 hivi. Chembe ya udongo wa mfinyanzi yenye upana wa milimita 0.002 huchukua takriban saa 8 kushuka kina hichohicho. Upana ukiongezeka mara mbili, kasi ya kuzama huongezeka mara nne. Kwa hiyo chembe iliyo pana mara 50 huiacha ndogo mara 2,500. Maji matulivu, kwa maneno mengine, ni chekeche laini kuliko chekeche lolote la waya, na hayahitaji umeme wala ustadi. Yanahitaji mtoto awe na subira, na subira hiyo haiji kwa kuhubiriwa. Inakuja kwa sababu mtoto aliyemimina mapema mno ataiona changarawe kwenye picha yake mwenyewe.

Na kuna zawadi nyingine humo. Akichukua mashapo ya mmimino wa kwanza na ya mmimino wa pili na kuyapaka kando kwa kando, ataona kwamba udongo mmoja umetoa rangi mbili. Hematiti ikiwa laini sana huelekea wekundu wa machungwa; chembe zikiwa kubwa huelekea zambarau. Mtoto aliyeamini kwamba wekundu ni kitu kimoja anagundua kwamba ukubwa wa chembe nao ni rangi. Hakuna kibakuli kilichoandaliwa kitakachompa ugunduzi huo, hata mwalimu akiueleza kwa ufasaha wa namna gani.

Moto nao una lake. Udongo wa manjano ukipashwa joto la nyuzi kama 250 hadi 300 za Selsiasi, maji yaliyofungamana na chuma hufukuzwa, gothaiti inageuka hematiti, na manjano yanakuwa mekundu mbele ya macho ya watoto. Wachoraji wamelijua hili tangu zamani: udongo wa Siena, Italia, huuzwa ukiwa mbichi na ukiwa umechomwa, nao hutoa rangi mbili zenye majina mawili. Kazi ya moto ni ya mtu mzima, hilo halina mjadala. Lakini mtoto ndiye agawe udongo wake mafungu mawili, moja lichomwe na jingine libaki, kwa maana bila fungu lililobaki hatakuwa na cha kulinganisha. Ukimkabidhi udongo uliokwisha kuchomwa, umemnyima ushahidi.

Kisha gundi. Udongo na maji peke yake ukikauka unafutika kwa kidole, na ni vema mtoto auone ukifutika. Tope halijawa rangi ya kuchorea mpaka lipate kitu cha kulishikisha. Pawepo vikombe vinne vyenye udongo uleule: kimoja kitiwe maji tu, cha pili kiini cha yai, cha tatu gundi ya miti ya jamii ya akasia, cha nne uji mwepesi wa unga wa ngano. Kila kimoja kipakwe mstari kwenye karatasi, na mistari iachwe ikauke. Siku inayofuata mtoto aipitishie kidole kikavu, halafu kidole chenye maji. Mstari wa maji tu utamwachia vumbi kidoleni. Wa akasia utastahimili kidole kikavu lakini utalainika kwenye maji. Wa yai, ukipewa siku kadhaa, utakaa imara dhidi ya yote mawili. Uji wa ngano unashika vizuri, ila ukihifadhiwa siku chache huota ukungu, na harufu yake itawakumbusha watoto kwamba si kila kinachoshika kinadumu. Gundi ikizidi rangi inang'aa na kupasuka, ikipungua inapukutika. Uwiano sahihi haumo kwenye karatasi ya maelekezo, kwa sababu kila udongo hunywa gundi kwa kiasi chake. Inabidi mtoto ajaribu. (Mwenye mzio wa mayai aachiwe akasia, na asikae karibu na kikombe cha yai.)

Nimefika kwenye hatari, na hapa nataka nisikike vizuri, kwa sababu maneno mengi mazuri kuhusu rangi za udongo yamejengwa juu ya dhana moja mbovu: kwamba cha asili ni salama. Si kweli. Miongoni mwa rangi za asili zilizopendwa na wachoraji kwa karne nyingi ni madini ya manjano yenye aseniki na madini mekundu ya sinabari yenye zebaki. Mawe ya kijani na ya bluu mara nyingi ni ya shaba. Hata udongo wa kawaida kabisa unaweza kuwa umebeba risasi iliyoachwa na binadamu, hasa kando ya barabara kongwe, chini ya kuta zilizopakwa rangi za zamani, karibu na machimbo, majalala au mahali pa kuyeyushia betri za magari. Petroli yenye risasi iliacha kuuzwa kwa ajili ya magari duniani mwaka 2021, lakini risasi haiozi. Iliyotua ardhini bado ipo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara, na wanaoumia zaidi ni watoto.

Kwa hiyo udongo uchotwe mahali ambapo historia yake inajulikana, mbali na hayo niliyoyataja, na mawe yenye rangi kali za kuvutia yaachwe yalipo. Na ndiyo sababu nilisema upondwe ukiwa umelowa. Vumbi la udongo mkavu lina silika (madini yanayounda mchanga), ambayo ikivutwa kwa wingi na kwa muda mrefu huharibu mapafu, na udongo wa kahawia wenye manganizi haufai kuvutwa hata kidogo. Ukilowa, vumbi halipandi. Meza zifutwe kwa kitambaa chenye maji, pasiwe na kufagia. Hakuna kula wakati wa kazi, mikono inanawiwa kwa sabuni, na watoto wadogo ambao bado hutia vidole mdomoni wasubiri wakue kidogo.

Wapo watakaosema kwamba hapa nimejipinga: kama kuna hatari zote hizi, si bora mwalimu aandae mwenyewe na watoto wapate rangi iliyo tayari? Nadhani ni kinyume chake. Mwalimu ndiye achague mahali pa kuchota na kusimamia kila hatua, huo ni wajibu wake na hauhamishiki. Lakini mtoto anayeambiwa kwa nini tunachota huku na si kando ya barabara anajifunza kuutazama udongo kama kitu chenye kumbukumbu ya yaliyofanywa juu yake. Mtoto huyo, akiokota jiwe la kijani linalometameta, atauliza kabla ya kulisaga. Mwenzake aliyezoea kukuta kila kitu kimesafishwa ataamini kwamba udongo wote ni wa kuchezea. Nani kati yao yuko salama zaidi siku mwalimu asipokuwepo?

Wako pia wanaoona kwamba maandalizi haya yote ni ufundi tu, na sanaa huanza brashi inapogusa karatasi. Hoja hii ni nzito kuliko ile ya usalama, na jibu lake nimelipata kwenye pango la Blombos, pwani ya Afrika Kusini. Mwaka 2008 wanaakiolojia walifukua humo magamba mawili ya konokono wa baharini yaliyokuwa yametumika kama vyombo vya kuchanganyia. Ndani na kandokando yake mlikuwa na unga wa udongo mwekundu, mifupa iliyopondwa, mkaa, na mawe ya kusagia na kugongea. Mchanganyiko ulikuwa umetiwa kimiminika na kukorogwa. Umri wake ni miaka 100,000 hivi. Katika pango hilohilo kilipatikana kipande cha jiwe chenye mistari iliyochorwa kwa udongo mwekundu, nacho kina umri wa miaka 73,000 hivi. Taarifa yake ilitangazwa mwaka 2018 kuwa ndio mchoro wa kale zaidi uliokuwa umejulikana. Tazama tofauti ya miaka hiyo. Karakana imeutangulia mchoro kwa miaka zaidi ya 20,000. Watu walikuwa na viambato, na vyombo, na utaratibu wa kufuata, na bila shaka walikuwa na mtu wa kuurithisha, muda mrefu kabla ya mistari ile. Huko Ngwenya, Eswatini, binadamu walichimba udongo mwekundu wa chuma zaidi ya miaka 40,000 iliyopita. Walipasua mwamba na kubeba mizigo kwa ajili ya rangi. Anayesema kutengeneza rangi si sanaa bali ni utangulizi wake, basi utangulizi huo umechukua sehemu kubwa ya historia ya sanaa yenyewe.

Michoro mingi ya miambani imedumu kwa sababu hiyohiyo ya madini. Oksidi ya chuma tayari imefika mwisho wa kutu yake, haina pa kugeukia zaidi katika hali ya kawaida, na jua haliififishi. Ndiyo maana siafiki desturi ya kuchanganya somo la udongo na juisi za maua na majani katika kipindi kimoja kana kwamba vyote ni familia moja. Rangi nyingi za mimea hufifia upesi kwenye mwanga. Ni somo zuri, lakini ni somo jingine.

Lipo swali ambalo watoto huliuliza mapema: bluu iko wapi? Mwalimu mwenye huruma hushawishika kutoa chupa ya bluu ya dukani ili anga lipatikane. Namsihi asifanye hivyo. Ardhi imetubania bluu. Ile maarufu ya lapis lazuli ilisafirishwa kwa karne nyingi kutoka milima ya Badakhshan, Afghanistan, na Wamisri wa kale waliishia kujitengenezea yao kwa kuchoma mchanga, chokaa na shaba. Mtoto asiye nayo analazimika kutafuta njia, na njia ipo. Mkaa uliosagwa laini ukichanganywa na udongo mweupe hutoa kijivu chenye ubaridi. Kipake peke yake, ni kijivu. Kizungushie udongo mwekundu wa machungwa, na jicho litaanza kukiona kama bluu. Wachoraji wamelitumia jambo hili kwa karne nyingi, na mtoto wa miaka tisa anaweza kuligundua kwa mikono yake akinyimwa tu ile chupa. Nimewahi kumwona mmoja akiisogeza karatasi mbali, akiirudisha karibu, akitaka kuhakikisha kwamba hakuna aliyeibadilisha rangi yake. Mtoto yule alikuwa anajifunza kuona, na sijui lengo jingine la somo la sanaa lililo kubwa kuliko hilo.

Muda ndio kikwazo cha kweli. Kipindi cha sanaa ni kifupi, darasa lina watoto wengi, mitungi inahitaji kukaa usiku kucha bila kuguswa, na mkuu wa shule anataka kuona picha ukutani. Sidharau hata kimoja kati ya hivyo. Mwenye majuma manne afanye yote: la kwanza kuokota na kuandika, la pili kuponda na kuchuja, la tatu kuchoma na kujaribu gundi, la nne kuchora. Lakini mwenye vipindi viwili tu afanye nini? Desturi ni kukata matayarisho na kubakiza uchoraji. Mimi ningekata uchoraji. Kipindi cha kwanza watoto wachuje. Cha pili wachanganye gundi, na kila mmoja apake mraba mmoja tu wa rangi kwenye kadi, upana wa kiganja chake, na chini yake aandike udongo ulichotwa wapi, ulitulia kwa muda gani, umetiwa gundi gani na kwa kiasi gani. Kadi zibandikwe ukutani zikiwa zimepangwa kuanzia udongo wa juu ya mteremko hadi wa chini. Mkuu wa shule akiuliza picha ziko wapi, aitwe mtoto yeyote amsomee kadi yake.